Ukaazi wa kudumu baada ya masomo: majibu kwa wasomaji wa Kigoma na Tabora

Barua za safari hii karibu zote zina swali moja. Mtoto, mume au dada alikwenda ng'ambo kwa viza ya mwanafunzi, masomo yanaisha, sasa afanyeje abaki kihalali? Wengi wako Canada, wachache Ujerumani na Uingereza. Tumejibu kwa kufuata nchi aliko mhusika, kwa sababu kanuni za Ottawa hazimsaidii aliye Leipzig. Ada na viwango tumevitaja na mwaka wake. Kabla ya kulipa chochote, fungua tovuti ya serikali ya nchi hiyo, siyo video ya TikTok.

Ana miezi sita, au hana?

*Habari za kazi. Mwanangu anamaliza diploma ya miaka miwili huko Ontario mwezi wa nne. Nikimwambia aombe kibali cha kazi mapema, ananijibu: "Baba, nina siku 180, acha nipumzike kwanza." Anasema pia akishafanya kazi mwaka mmoja PR, yaani ukaazi wa kudumu, inakuja yenyewe. Ananiambia kweli? — Mzazi, Ujiji*

Mzee wetu, siku 180 ni za kweli, ila kijana ameishika kanuni nusu.

Siku hizo zinaanza kuhesabiwa pale chuo kinapothibitisha mara ya kwanza kwamba amemaliza, iwe kwa barua au kwa matokeo ya mwisho. Siku ya mahafali haihusiki, na mara nyingi huja wiki nyingi baadaye. Nusu ambayo hakukuambia ni hii: kibali cha masomo hufa siku 90 baada ya kumaliza, hata kama tarehe iliyoandikwa juu yake bado iko mbele. Kama tarehe iliyoandikwa inafika kabla ya hizo siku 90, basi kinakufa tarehe hiyo. Kwa hiyo anayepumzika hadi siku ya 120 bado yumo ndani ya muda wa kuomba, lakini hana tena hadhi ya kuwa nchini. Itabidi aombe kurejeshewa hadhi, alipe ada ya ziada, na akae bila kufanya kazi mpaka majibu yatoke. Mwenzake aliyeomba kibali cha masomo kikiwa hai, na ambaye alikuwa na haki ya kufanya kazi akiwa mwanafunzi, anaingia kazini muda wote siku ileile huku akisubiri.

Kibali chenyewe cha kazi baada ya masomo wanakiita PGWP, na mtu hupewa mara moja tu maishani. Masomo ya chini ya miezi 8 hayakipati. Kuanzia miezi 8 hadi chini ya miaka miwili, kibali hulingana na urefu wa masomo. Miaka miwili na zaidi huleta kibali cha miaka mitatu, na tangu 15 Februari 2024 shahada ya uzamili hupata miaka mitatu hata kama ilisomwa kwa mwaka mmoja. Yote hayo yana kikomo kimoja ambacho watu hukisahau: kibali hakivuki tarehe ya mwisho ya pasi. Pasi ikiwa na miezi 14 iliyobaki, kijana atapewa miezi 14. Anaweza baadaye kuomba aongezewe muda uliosalia akishapata pasi mpya, ila hiyo ni ada nyingine na kusubiri kwingine. Aangalie pasi yake leo.

Aangalie pia lugha. Maombi ya PGWP ya kuanzia 1 Novemba 2024 yanadai matokeo ya mtihani: kiwango cha 5 cha Canada kwa wahitimu wa vyuo vya kati, na cha 7 kwa wenye shahada. Hapa wengi huumia kwa kutuma IELTS Academic waliyoombea chuo. Uhamiaji wa Canada unataka IELTS General Training, ambako 6.0 katika kila sehemu ndiyo kiwango cha 7. Matokeo yanadumu miaka miwili tu. Na kama aliomba kibali cha masomo tarehe hiyo au baada yake, diploma yake lazima iwe katika fani zilizo kwenye orodha ya serikali. Aliyeomba kabla ya hapo hafungwi na orodha hiyo.

Sasa PR. Haiji yenyewe. Njia inayotumiwa zaidi na wahitimu ni ile ya uzoefu wa kazi wa Canada, ndani ya mfumo wa Express Entry. Inataka saa 1,560 za kazi ya ujuzi katika miaka mitatu iliyopita, yaani mwaka mmoja wa saa 30 kwa wiki. Akifanya saa 50 kwa wiki haharakishi mwaka, zinahesabiwa 30. Saa alizofanya akiwa mwanafunzi wa muda wote hazihesabiwi kabisa, na kazi ya kujiajiri pia haihesabiwi. Akiwa bado chuoni, kikomo cha kazi ya nje wakati wa muhula ni saa 24 kwa wiki. Kuzizidisha ni kuvunja masharti ya kibali kwa ajili ya saa ambazo hazitamsaidia.

Neno "ujuzi" ndilo linalowaangusha wengi. Canada imepanga kazi zote kwa ngazi iitwayo TEER, kuanzia 0 hadi 5, na zinazokubalika ni 0 hadi 3. Mpishi yuko ngazi ya 3, sawa na dereva wa lori kubwa. Msimamizi wa duka au wa mgahawa yuko ngazi ya 2. Keshia na mbeba mizigo wa ghala wako ngazi ya 5, na mlinzi yuko ya 4. Mtu anaweza kukaa ghalani miaka mitatu yote ya kibali, analipwa vizuri, analipa kodi, na siku ya mwisho hana hata saa moja ya kuonyesha. Kijana atafute kazi ya ngazi inayofaa tangu mwezi wa kwanza, hata kama mshahara umepungua kidogo. Kinachopimwa ni majukumu halisi. Cheo cha "meneja" alichopewa na rafiki mwenye mgahawa hakitoshi.

Mwishoni ataombwa barua ya mwajiri yenye cheo, majukumu, saa kwa wiki, mshahara, tarehe za kuanza na kuacha, na saini kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni. Anayelipwa mkononi bila hati ya mshahara hana pa kuitoa. Halafu anaingizwa kwenye orodha ya alama na kusubiri kualikwa. Akialikwa ana siku 60 za kupakia kila kitu. Umri nao unakula alama: asiye na mwenza hupata 110 akiwa na miaka 20 hadi 29, na kuanzia 30 zinapungua kila mwaka.

Ramadhani au Ramadhan?

*Pasi yangu imeandikwa Ramadhani Hamisi. Cheti cha kidato cha nne ni Ramadhan Khamis, na cheti cha kuzaliwa kina jina la babu ambalo pasi haina. Nipo mwaka wa mwisho wa chuo huko nje. Je, nianze kubadilisha vyeti? — Msomaji wa Uvinza*

Usianze kubadilisha, anza kueleza. Pasi ndiyo mama wa hati zote: jaza kila fomu kama ilivyo kwenye pasi, herufi kwa herufi. Fomu za Canada zina sehemu inayouliza kama umewahi kutumia jina jingine. Andika hapo tahajia zote zilizo kwenye vyeti vyako, hata ile ya herufi moja. Ofisa akikutana na Khamis uliyemtaja mwenyewe, anaendelea kusoma. Akimgundua yeye, anaandika barua ya maswali na faili linalala.

Tofauti ya tahajia au jina la babu huzibwa kwa kiapo cha wakili au hakimu kinachosema majina hayo yote ni ya mtu mmoja, kikiorodhesha kila hati na jina lililo juu yake. Hati ya kubadili jina, ile inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati, ni ya mtu aliyebadili jina kweli. Ukiitumia kwa tofauti ya herufi moja unajitengenezea jina la tatu.

Cheti cha kuzaliwa ambacho hakipo kabisa ni kazi kubwa zaidi, na huku kwetu ni jambo la kawaida. Wengi walizaliwa nyumbani, na waliozaliwa zahanati mara nyingi tangazo la kizazi lilipotea. Kuchelewa kusajili hakuzuii cheti, ila RITA watataka vielelezo: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza shule ya msingi, kitambulisho cha mzazi, barua ya serikali ya kijiji au mtaa. Maombi yanaweza kuanzishwa mtandaoni kupitia eRITA. Kwa wa Kigoma, kama mnavyojua, maswali ya uraia wa wazazi na babu huulizwa kwa undani zaidi kuliko mikoa ya ndani. Ndugu aliye nyumbani akusanye vielelezo vya wazazi mapema, wewe bado uko darasani.

Hati iliyo kwa Kiswahili, mfano cheti cha ndoa cha BAKWATA, lazima itafsiriwe na mtu asiye ndugu yako. Canada inataka tafsiri ya mtaalamu aliyesajiliwa, au tafsiri yenye kiapo cha mfasiri. Ujerumani inataka mfasiri aliyeapishwa mahakamani.

Cheti cha tabia njema cha Polisi Tanzania nacho kina mtego wa tarehe. Kwa Canada unatakiwa uwe nacho kwa kila nchi uliyokaa miezi 6 mfululizo katika miaka 10 iliyopita, tangu ulipofikisha miaka 18. Cha Tanzania lazima kiwe kimetolewa baada ya wewe kuondoka mara ya mwisho ulipokuwa unaishi huku. Kile ulichokata kabla ya kwenda kusoma, ukakihifadhi vizuri kwenye bahasha, hakifai. Utachukuliwa alama za vidole huko uliko na kuzituma nyumbani.

Kifaransa cha ng'ambo ya ziwa

*Nilisoma sekondari Bujumbura, Kifaransa nakizungumza vizuri. Sasa ninasoma Winnipeg kwa Kiingereza. Kuna faida yoyote? — Dada wa Gungu, Kigoma*

Dada, huenda ndiyo karata yako bora kuliko diploma yenyewe. Tangu 2023 Canada huita waombaji kwa makundi, na kundi la Kifaransa ni mojawapo. Mwaka 2025 alama za chini za kundi hilo ziliwahi kushuka hadi 379, wakati droo za uzoefu wa kazi wa Canada zilikuwa juu ya 500. Juu ya hayo, ukifikisha kiwango cha 7 katika sehemu zote nne za Kifaransa na angalau cha 5 katika Kiingereza, unaongezewa alama 50.

Cheti chako cha Bujumbura hakisaidii hapo. DELF nayo haikubaliki. Mitihani inayotakiwa ni TCF Canada au TEF Canada. TCF ina kusikiliza maswali 39 kwa dakika 35, kusoma maswali 39 kwa dakika 60, kuandika kazi tatu kwa dakika 60, na kuzungumza kazi tatu kwa dakika 12. Kiwango cha 7 ni alama 458 katika kusikiliza, 453 katika kusoma, na 10 kati ya 20 katika kuandika na katika kuzungumza. Ukipata 9 ya kuandika, hata kama mengine ni ya juu kabisa, kundi la Kifaransa hulimo.

Na ni kuandika kunakowaangusha watu wa kanda yetu. Waliokulia kwenye Kifaransa cha sokoni na shuleni huzungumza bila kukwama, lakini kazi ya tatu ya kuandika inataka ulinganishe maoni mawili na utoe lako, kwa idadi ya maneno iliyopangwa. Fanya mazoezi ya hilo kwa saa mkononi. Mdogo wako aliye Kigoma akitaka kuanza, aulize Alliance Française ya Dar es Salaam.

Mtoto hakuandikwa kwenye fomu

*Mwangaluka. Mume wangu anasoma Halifax na anakaribia kuomba PR. Ana mtoto wa miaka tisa aliyempata kabla ya kunioa, anaishi Nzega na mama yake. Kwenye fomu ya viza ya masomo hakumwandika, na sasa anasema amwache hivyohivyo "asichanganye mambo", atamvuta baadaye. Mimi naogopa. — Mama Isevya, Tabora*

Mama, hofu yako ni ya haki, na mume wako asome jibu hili kabla hajabonyeza chochote.

Kanuni ya Canada ni kwamba mwanafamilia ambaye hakutajwa na hakupimwa wakati mzazi anapata PR, huondolewa kwenye kundi la familia. Maana yake ni kwamba baba hawezi kumdhamini mtoto huyo baadaye kwa njia ya kawaida. "Nitamvuta baadaye" ndiyo sentensi ambayo kanuni hii iliwekwa kuizuia. Juu ya hapo, kuficha jambo ni udanganyifu, na adhabu yake ni kuzuiwa kuingia Canada miaka mitano. Hata aliyekwishapata PR anaweza kuipoteza ikigundulika. Na hugundulika kwa urahisi, kwa mfano siku baba atakapotaka kumwombea mtoto viza ya kutembea.

Afanye hivi. Kwenye maombi ya PR amwandike mtoto, awe anakuja naye au la. Kuna mahali pa kuchagua kwamba mtoto hataambatana. Kuchagua hivyo hakumharibii mtu kitu, na kunaacha mlango wazi. Aambatishe barua fupi inayosema kwamba kwenye maombi ya masomo mtoto hakutajwa, kwa nini, na kwamba sasa anasahihisha. Barua ya ukweli ya nusu ukurasa inatosha. Haihitaji hadithi wala lawama. Kwa kuwa kosa limeshafanyika kwenye fomu ya awali, pesa kidogo ya kumlipa mwanasheria aisome barua hiyo haitapotea.

Halafu vipimo. Mtoto asiyeambatana naye hupimwa afya, na tangu 21 Agosti 2025 waombaji wa Express Entry wanatakiwa kuwa na vipimo hivyo kabla ya kutuma maombi, ndani ya zile siku 60. Vipimo hufanywa na daktari aliyeidhinishwa na Canada peke yake. Hospitali ya wilaya haikubaliki, hata iwe nzuri vipi. Kwa mtoto wa Nzega hiyo ni safari ya Dar es Salaam na mtu mzima, akiwa na pasi au kitambulisho kinachokubalika. Mama wa mtoto lazima aridhie kumtoa, kwa hiyo mazungumzo na yeye yaanze sasa hivi, kabla ya mwaliko, na ingefaa baba mwenyewe ndiye apige simu. Akikataa kabisa, baba akusanye ushahidi wa juhudi zake, yaani ujumbe wa simu, barua na tarehe, na autume pamoja na maombi.

Kama baadaye mtoto atahamia kwake, itahitajika hati ya kiapo ya mama kuridhia, na mtoto wa miaka 14 au zaidi atatoa alama za vidole. Mtegemezi ni mtoto wa chini ya miaka 22 asiye na mwenza. Mna muda, lakini si wa kupoteza.

Swali lako la ada: kwa viwango vilivyoanza 30 Aprili 2024, mtu mzima hulipa dola za Canada 950 za kushughulikia maombi na 575 za haki ya ukaazi, na mtoto anayeambatana ni 260. Hupandishwa kila baada ya miaka miwili.

Harusi ya Kasulu

*Nina kibali cha kazi cha miaka mitatu Canada. Nataka kuja harusini Kasulu mwezi wa kumi na mbili, kisha nirudi. Kibali si kinatosha? — Kaka wa Calgary*

Hakitoshi. Kibali kinakuruhusu kuishi na kufanya kazi. Kinachokuingiza nchini ni viza iliyobandikwa kwenye pasi, na ile uliyopewa ukiwa mwanafunzi mara nyingi iliisha pamoja na kibali cha masomo. Iangalie tarehe yake. Kama imepita, omba mpya mtandaoni ukiwa bado Canada, kwa ada ya dola 100, na usikate tiketi kabla pasi haijarudi. Ukija bila hiyo utaombea huku, na mwajiri wako hatasubiri. Ukishakuwa na PR utahitaji kadi yake ili kupanda ndege ya kurudi.

Nikipata PR, mimi bado Mtanzania?

*— Msomaji, Kibondo*

Ndiyo. PR ni ruhusa ya kukaa. Pasi yako ni ileile na uraia wako ni uleule. Kinachouondoa ni kuchukua uraia wa nchi nyingine ukiwa mtu mzima, kwa Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995. Ujerumani na Canada hazina tatizo na uraia wa nchi mbili, sheria ya kwetu ndiyo inayokataa, kwa hiyo usidanganyike na jibu la mtu anayesoma sheria ya upande mmoja. PR ya Canada hailazimishi kuomba uraia, ila inataka uwe ndani ya nchi siku 730 katika kila miaka mitano.

Uzamili Leipzig, kisha nini?

*Dada yangu anamaliza shahada ya uzamili Leipzig. Amekaa miaka mitatu, na anafanya kibarua hotelini. Miaka hiyo mitatu inahesabiwa kwenye ukaazi wa kudumu? — Kijana wa Urambo*

Kwa njia ya haraka waliyotengewa wahitimu wa vyuo vya Ujerumani, haihesabiwi. Saa inaanza kuhesabu siku atakapopata kibali cha kazi ya kitaalamu. Lakini shahada aliyoipata huko inafupisha mbio: mhitimu wa chuo cha Ujerumani anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka miwili ya kibali hicho, akiwa na michango ya pensheni ya miezi 24, Kijerumani cha kiwango B1, makazi ya kutosha na kipato cha kujitegemea. Mtaalamu aliyesomea nje ya Ujerumani hungoja mitatu.

Hatua ya kwanza ni kibali cha kutafuta kazi, miezi 18, na muda huo hauongezwi. Ndani yake anaruhusiwa kazi yoyote, hata hiyo ya hoteli. Aombe katika ofisi ya wageni, Ausländerbehörde, kabla kibali cha masomo hakijaisha. Miadi ya ofisi hizo huchelewa mno, lakini aliyeomba kabla ya tarehe hupewa karatasi ya muda iitwayo Fiktionsbescheinigung inayoendeleza haki zake. Aliyechelewa kwa siku moja hana cha kuendelezwa.

Vitu viwili huwakwamisha hapa. Cha kwanza ni bima ya afya: nafuu ya wanafunzi huisha anapotolewa kwenye orodha ya chuo, na asiye na ajira rasmi hulipa bima ya hiari iliyo ghali zaidi. Aiweke kwenye bajeti ya miezi yote ya kutafuta. Cha pili ni ushahidi wa kujikimu, kwa sababu ofisi itauliza anaishi kwa nini. Mkataba wa kibarua unasaidia, ila kwenye kazi ndogo ziitwazo Minijob wengi husaini fomu ya kujitoa kwenye pensheni ili wabakize yuro chache. Asisaini, maana ukaazi wa kudumu unataka michango hiyo.

Akipata kazi, aangalie kama mshahara unafika kwenye Blue Card, kibali cha wataalamu wenye mshahara wa kiwango maalumu. Mwaka 2025 kiwango kilikuwa yuro 48,300 kwa mwaka, na yuro 43,759.80 kwa waliohitimu ndani ya miaka mitatu iliyopita na kwa fani zenye uhaba. Kinapandishwa kila Januari. Mwenye Blue Card na B1 huomba ukaazi wa kudumu baada ya miezi 21. Akiwa na A1 tu, ni miezi 27. Ofisi ikitaka mtihani wa maisha ya Ujerumani, una maswali 33, na 15 sahihi zinatosha kwa ukaazi.

Ushauri wetu wa upande: wanaosoma kwa Kiingereza huahirisha Kijerumani hadi wapate kazi, kisha wanagundua kwamba kazi yenyewe ndiyo inayokitaka. Aanze B1 kabla hajawasilisha tasnifu.

Uingereza

*Mpwa wangu yuko Coventry kwa viza ya Graduate, ile ya waliohitimu. Anasema imebaki miaka mitatu tu afikishe mitano ya ukaazi wa kudumu. — Mjomba, Sikonge*

Mjomba, amehesabu vibaya. Miaka ya viza ya mwanafunzi na ya Graduate haiingii kwenye ile mitano ya Skilled Worker, viza ya kazi ya ujuzi. Inaingia tu kwenye njia ya kuishi Uingereza kihalali miaka 10 mfululizo. Graduate yenyewe ni miaka miwili, na kwa watakaoomba kuanzia 1 Januari 2027 itakuwa miezi 18. Wenye uzamivu wanabaki na mitatu. Haiongezwi. Ndani ya muda huo lazima ampate mwajiri mwenye leseni ya udhamini. Tangu 22 Julai 2025 mshahara wa kawaida ni pauni 41,700, au kiwango cha kazi yenyewe kama ni kikubwa zaidi. Anayetoka Graduate anaweza kuhesabiwa kama mgeni kazini kwa 33,400, lakini nafuu hiyo ina ukomo wa miaka minne, na muda wa Graduate umo ndani yake. Mwaka 2025 serikali ilitangaza pia mpango wa kuirefusha ile mitano iwe 10 kwa wengi. Asijenge hesabu zake juu ya mitano.

Dalali wa milioni sita

*Kuna mtu hapa Mwanga anachukua milioni sita. Anasema ana barua ya kazi ya Canada itakayompa binti yangu alama za PR. Nimeshatoa milioni moja. — Mzazi, Kigoma*

Alama za barua ya kazi ziliondolewa kwenye Express Entry tarehe 25 Machi 2025. Anakuuzia kitu ambacho mfumo haukipi alama hata moja, na barua ikiwa ya kughushi, anayefungiwa miaka mitano ni binti yako, siyo yeye.

Wanaoruhusiwa kutoza fedha kwa kazi ya uhamiaji wa Canada ni mawakili walio kwenye chama cha mawakili cha jimbo lao, wathibitishaji hati (notaires) wa Quebec, na washauri waliosajiliwa na College of Immigration and Citizenship Consultants. Chombo hicho kina daftari la wazi mtandaoni. Mwombe bwana huyo namba yake ya usajili, ingiza humo, uone kama jina linalotokea ni lake na kama leseni iko hai. Mwakilishi wa kweli pia hukubali kutajwa kwenye fomu ya mwakilishi, IMM 5476. Anayesema "mimi msinitaje" ameshajibu swali lako. Usiongeze shilingi. Chukua stakabadhi au ujumbe wa muamala wa simu wa ile milioni moja, mwandikie ukidai irudishwe kwa tarehe unayoitaja, na ikipita nenda kituo cha polisi na nakala hizo. Binti yako afungue akaunti yake mwenyewe kwenye tovuti ya uhamiaji ya Canada, na nywila aishike yeye peke yake.